Taa bila wavu: umati wa mtandaoni na kura za maoni

Baada ya kura za maoni za CCM za Julai 2020, yaani kura za ndani ambazo wajumbe wa chama hupiga kupata wagombea, msemo mmoja ulisambaa nchi nzima: wajumbe si watu. Watia nia ambao picha zao zilijaa kwenye kila simu, waliopongezwa na maelfu kwa "kuthubutu", walikaa ukumbini wakasikia majina yao yakisomwa na kura chache za kuhesabika kwa vidole. Wapo walioambulia sifuri. Watu wa Kigoma na Tabora walicheka kama walivyocheka wengine, na lawama zote zikaishia kwa mjumbe: alikula huku, akapiga kule.

Lawama hiyo inaficha swali ambalo watia nia wengi hawakujiuliza kabla ya kuchukua fomu. Kati ya wale maelfu waliobonyeza kidole gumba, ni wangapi walikuwa na haki ya kuingia ukumbini?

Uchaguzi mkuu unamhusu kila aliyejiandikisha kupiga kura. Kura za maoni zinawahusu walio kwenye daftari la chama, na mara nyingi sehemu ndogo tu ya hao. Daftari hilo lina mlango na mlango una tarehe ya kufungwa. Mgombea asiye wa mfumo, anayebebwa na wafuasi wa mtandaoni, hunufaika na umati wake pale tu umati unapopita mlango huo mapema. Ukishindwa kupita, humwachia fedha na kelele. Fedha ni msaada mkubwa, sitaki kuidharau, lakini haina haki ya kupiga kura.

Ushahidi mzuri zaidi uko Marekani, kwa sababu huko jambo hili limejaribiwa mara nyingi na matokeo yameandikwa kwa tarakimu. Ron Paul, daktari na mbunge wa Texas, aligombea uteuzi wa urais wa chama cha Republican kwa uchaguzi wa 2008 akiwa karibu peke yake katika chama chake kupinga vita vya Iraq. Televisheni hazikumjali. Wafuasi wake mtandaoni wakaamua kuchanga kwa mafuriko: wakachagua siku moja, kila mtu akaahidi kutoa siku hiyo hiyo, wakakumbushana. Tarehe 5 Novemba 2007 zilipatikana zaidi ya dola milioni 4. Tarehe 16 Desemba zikapatikana takriban milioni 6. Ofisi ya kampeni haikuzipanga siku hizo. Zilipangwa na wafuasi wasiolipwa. Wengine walichanga wakakodi puto kubwa la angani lenye jina lake, likawa linapita juu ya miji.

Tarehe 3 Januari 2008 jimbo la Iowa lilipiga kura ya uteuzi. Paul alipata asilimia 10, nafasi ya tano. Siku tano baadaye, New Hampshire, alipata kama asilimia 8, tena nafasi ya tano.

Mshindi wa Iowa kwa Republican alikuwa Mike Huckabee, mchungaji wa Kibaptisti aliyewahi kuwa gavana wa Arkansas, kwa asilimia 34. Mfuko wake ulikuwa mwembamba kuliko wa wapinzani wake wakubwa. Alichokuwa nacho ni makanisa. Waumini wanakutana kila Jumapili mahali pale pale, wanajua nani mgonjwa, nani ana gari, nani anahitaji kupitiwa jioni. Huo nao ni mtandao, tena wa zamani kuliko intaneti, na wanachama wake wanaishi katika vitongoji vinavyopiga kura. Wafuasi wa Paul walikuwa wametawanyika majimbo hamsini. Mfuasi wa California hawezi kupiga kura Iowa hata atume dola elfu moja.

Miaka minne kabla yake Howard Dean, gavana mstaafu wa Vermont aliyewania uteuzi wa chama cha Democratic, alikuwa amegundua tatizo hilo akajaribu kulitibu kwa namna iliyoliongeza. Katika robo ya tatu ya 2003 alikusanya karibu dola milioni 15, nyingi zikiwa michango midogo ya mtandaoni, na wafuasi wake walikuwa wakikutana kila mwezi kwa kupangana kupitia tovuti ya Meetup. Kura ya Iowa ilipokaribia, kampeni ilipeleka huko vijana wa kujitolea wapatao 3,500 kutoka majimbo mengine, wamevaa kofia za rangi ya chungwa, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba. Januari 2004 Dean akashika nafasi ya tatu kwa asilimia 18, nyuma ya John Kerry aliyepata 38 na John Edwards aliyepata 32. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwamo matangazo ya kushambuliana yeye na mpinzani wake Dick Gephardt. Lakini kura ya Iowa hupigwa kwenye mkutano wa jioni ambako jirani humshawishi jirani mbele ya macho ya watu, na kofia zile zilimtangaza kila aliyezivaa kuwa si jirani.

Hapo Kigoma inaanza kujitambua. Mkoa huu umetoa vijana wengi walioko Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na ng'ambo, na wao ndio wenye bando la kutosha na muda wa kubishana usiku. Kundi la WhatsApp la "maendeleo ya jimbo letu" likianzishwa, sauti yao ndiyo inayosikika zaidi. Wanamchagua mtia nia, wanamtengenezea picha na kaulimbiu. Kisha ujumbe wao unafika Nguruka au Kakonko kwa mzee ambaye amekuwa kiongozi wa tawi tangu mtumaji yuko shule ya msingi, na unamwambia kwamba wakati wa watu kama yeye umepita. Mzee hajibu. Anapiga picha ya skrini, au anamwomba mjukuu ampigie, na picha hiyo inazunguka matawi yote kabla mtia nia hajaamka.

Kuhusu tarehe ya mlango, hakuna mfano unaoshinda New York. Uchaguzi wa mchujo wa 2016 ulifanyika huko tarehe 19 Aprili, na ulikuwa wa wanachama tu. Mpiga kura aliyekwisha kujiandikisha bila chama, au katika chama kingine, alitakiwa awe amebadili usajili wake kufikia tarehe 9 Oktoba 2015, zaidi ya miezi sita nyuma. Oktoba hiyo Bernie Sanders, aliyewania uteuzi wa Democratic dhidi ya Hillary Clinton, alikuwa bado anajulishwa kwa watu wengi. Kufikia Aprili alikuwa amejaza viwanja kwa vijana, na wengi wao walikuwa wamejiandikisha kama wasio na chama. Walifika vituoni wakarudishwa, na Hillary Clinton akashinda kwa asilimia 58 kwa 42. Upande wa Republican, Ivanka na Eric, watoto wa Donald Trump, nao hawakuweza kumpigia kura baba yao kwa sababu hiyo hiyo. Tarehe haikumwonea mtu. Iliwapa faida waliojua kuwa ipo.

Kwetu tarehe hiyo ipo, ila haitangazwi kwa jina hilo. CCM hufanya uchaguzi wake wa ndani kila miaka mitano: 2012, 2017, 2022. Huko ndiko wanakopatikana viongozi wa mashina, matawi na kata, na humo ndimo wanamotoka wajumbe wa kura za maoni. Maana yake wajumbe waliowashangaza watia nia mwaka 2020 walikwishapatikana 2017, na wale wa 2025 walipatikana 2022. Aliyeamka Mei 2025 na ukurasa mpya wa Instagram alikuwa amechelewa miaka mitatu, mara sita ya ucheleweshaji wa yule kijana wa New York.

Ni kweli kwamba kwa 2025 chama kilipanua idadi ya wajumbe, kura zikapigwa ngazi za chini na matokeo ya majimbo yakahesabiwa kwa maelfu badala ya mamia. Wengi walidhani hapo mtandao ungefua dafu. Upanuzi ule uliongeza wajumbe wa mashina na matawi, watu ambao hupatikana kwa miguu kuliko kwa simu. Na kabla ya wajumbe kupiga kura, vikao vya juu vilikuwa vimekwisha kuchuja majina. Julai 2025 walikatwa hata wabunge waliokuwa madarakani, akiwamo January Makamba wa Bumbuli, mmoja wa wanasiasa wa mwanzo nchini kuizoea Twitter. Aliyekatwa hapo hakupata hata nafasi ya kukataliwa na mjumbe.

Je, mlango ukiwa kwenye simu yenyewe? Uingereza ilijaribu mwaka 2015. Chama cha Labour kilikuwa kimebadili kanuni ili yeyote mwenye pauni 3 ajiandikishe kama mfuasi na kupiga kura ya kumchagua kiongozi. Usajili ulifanyika mtandaoni, na hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Jeremy Corbyn, mbunge wa muda mrefu asiyewahi kushika wadhifa wa juu, alipata saini za wabunge wenzake zilizohitajika dakika za mwisho kabisa, na baadhi ya waliomsainia hawakuwa na nia ya kumpigia kura. Alishinda kwa asilimia 59.5 ya kura zote, na miongoni mwa wale wa pauni 3 alipata karibu asilimia 84. Mwaka uliofuata, alipopingwa, chama kikapandisha ada hadi pauni 25, kikafungua usajili kwa siku mbili tu, na kikawazuia kupiga kura wanachama waliojiunga ndani ya miezi sita iliyotangulia. Corbyn alishinda tena, maana wa kwake walikuwa wamekwisha kuingia. Hatua hizo tatu, bei, muda na ukongwe wa uanachama, ndizo chama chochote duniani hutumia kinapoona umati kisioufahamu unakuja mlangoni.

Vyama vyetu navyo vimeanza kusajili wanachama kwa mifumo ya kielektroniki. Hilo ni mlango wa uanachama. Mlango wa kuwa mjumbe ni mwingine, na uko ndani zaidi.

Tuna kipimo cha karibu cha umbali kati ya mitandao na ukumbi. Januari 2025 CHADEMA ilimchagua mwenyekiti wake Mlimani City, Dar es Salaam. Aliyefuata mjadala kwa simu peke yake angeapa kwamba Tundu Lissu atashinda kwa kishindo, kwa jinsi mwenyekiti aliyekuwapo, Freeman Mbowe, alivyokuwa akichambuliwa usiku na mchana. Lissu alishinda, kwa kura 513 dhidi ya 482. Tofauti ni kura 31. Na Lissu hakuwa mtu wa nje; alikuwa makamu mwenyekiti wa chama, aliyezunguka mikoani kwa miaka na kujulikana kwa sura na wajumbe. Kelele zote zile, zikisukuma mtu wa ndani, ziliishia kwenye ukumbi uliogawanyika karibu nusu kwa nusu. Mgeni asiye na wadhifa ajipimie mwenyewe.

Basi mtandao una kazi gani kwa mtia nia wa Kasulu, Uvinza, Kaliua au Sikonge? Ipo kazi kubwa, na inaanza na kuhesabu kwa ukweli. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanajua kwamba taa huwakusanya dagaa juu ya maji, ila wavu ndio unaowapandisha mtumbwini. Makundi ya WhatsApp ni taa.

Kundi moja la WhatsApp linachukua watu hadi 1,024. Tuseme mtia nia ana makundi kumi na mawili yenye wastani wa watu mia nane. Timu yake itasema ina watu 9,600. Toa majina yanayojirudia, kwa sababu wapenda siasa ni wale wale katika kila kundi. Huenda zikabaki namba 4,000. Toa wanaoishi nje ya jimbo. Toa wasio na kadi ya chama. Toa wenye kadi isiyolipiwa ada. Kisha toa wasio wajumbe. Usishangae ukibaki na watu sitini. Halafu waangalie hao sitini wako wapi: kama arobaini ni wa kata mbili za mjini na jimbo lina kata ishirini, kuna kata ambazo mtia nia hana hata mtu mmoja wa kumwambia kikao kimeahirishwa.

Hesabu hiyo haifanyiki kwa kukisia. Kila namba itumiwe ujumbe wa faragha wenye maswali manne: jina, kata na kijiji au mtaa, una kadi, una nafasi gani katika chama. Majibu yaandikwe kwenye kaunta buku, ukurasa kwa kila tawi, na mtu mmoja tu awe na mamlaka ya kurekebisha. Orodha kama hiyo isisambazwe kwenye kundi. Tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria, orodha ya "watu wetu" ikimfikia mpinzani imekuwa orodha yake ya watu wa kuwatembelea. Wasiojibu wahesabiwe kuwa hawapo. Timu nyingi huwahesabu kama "watakuja tu", na huo ndio mwanzo wa kulia ukumbini.

Kutuma ujumbe nako kuna mipaka ambayo wengi hugundua wiki ya mwisho. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu 256 tu, na ujumbe humfikia yule aliyeihifadhi namba yako peke yake. Namba mpya iliyonunuliwa kwa ajili ya kampeni haimo kwenye simu ya mjumbe yeyote, kwa hiyo ujumbe wake unaishia hewani huku mtumaji akiridhika. Kusambaza kumewekewa kikomo cha makundi au watu watano kwa mara moja, na ujumbe uliokwisha kusambazwa sana hupita kwa mmoja mmoja. Dawa ni kuwa na mtu katika kila tawi ambaye namba yake tayari imo kwenye simu za wenzake, na huyo ndiye atume kwa maneno yake.

Sauti inashinda maandishi na inaishinda video kwa mbali. Sauti ya dakika moja haifiki MB moja; video ya dakika tatu inaweza kumla mtu MB 20 au zaidi, na mtu aliyenunua bando la siku hatalimaliza kwa ajili ya uso wa mtia nia. Sauti ya Kihaa kwa watu wa Buhigwe na Kibondo, ya Kinyamwezi au Kisukuma kwa watu wa Nzega na Igunga, iliyosemwa na mtu wanayemtambua kwa sauti kabla hajataja jina, husikilizwa hadi mwisho. Kwa mwenye kitochi kuna ujumbe mfupi wa kawaida, na huo una herufi 160. Ukizidi hapo gharama inahesabiwa mara mbili. Sijui kwa nini wasaidizi wa wagombea hupenda kuanza na "Ndugu mjumbe wa chama chetu pendwa": nafasi imekwisha kabla hawajasema kitu.

Saa za kutuma zinategemea kazi za watu. Mwambao wa Kigoma, kuanzia Kagunga mpakani na Burundi hadi Kalya kusini, wavuvi wa dagaa wapo ziwani siku za giza usiku kucha na hulala mchana. Siku za mbalamwezi vyombo hupumzika, na hapo ndipo mtu anakaa kijiweni na simu mkononi. Anayepanga kikao cha Kibirizi au Ilagala bila kuangalia mwezi atahutubia viti. Kiini cha maneno nacho kiendane na mahali: ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na mwambao mtu hupimwa kwa anachosema kuhusu jambo kama hilo kabla ya kuulizwa kaulimbiu yake. Tabora, kura za maoni za Julai au Agosti huangukia wakati wakulima wa Urambo, Kaliua na Uyui wako katika pilika za kuuza tumbaku na kusubiri malipo, na baadhi ya warina asali wa Sikonge wako porini kusiko na mnara. Kwa mkulima wa tumbaku, mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), yule anayejua kwa nini marobota yameshushwa daraja, ana uzito kuliko ukurasa wenye wafuasi laki moja. Mtia nia aliyekuwapo kwenye mkutano wa AMCOS miaka miwili iliyopita anamtangulia aliyemtumia huyo mwenyekiti picha ya bendera.

Fedha ndiyo sehemu ambayo umati wa mbali unafaa zaidi, na hapa Ron Paul na Sanders, ambaye wastani wa mchango wake ulikuwa maarufu kwa kuwa dola 27, wana la kufundisha: siku moja iliyotajwa mapema huleta zaidi ya mwezi mzima wa kuomba. Mzaliwa wa Kasulu aliyeko Dar hawezi kupiga kura ya maoni ya Kasulu, lakini shilingi 5,000 yake ni mafuta ya pikipiki. Yanayoharibika ni mawili. La kwanza ni kukusanya kwenye namba binafsi ya simu ya mpambe. Ugomvi wa hesabu ukizuka, hauzuki kimya. Unazuka kwenye kundi lile lile lililochanga. Itumike lipa namba, na kila muamala uandikwe kwa tarehe, jina na kumbukumbu yake. La pili ni sheria. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa pia mchakato wa uteuzi ndani ya chama, na Mahakama Kuu ilikwisha kuitupa takrima, ile ruhusa ya "ukarimu" kwa wapiga kura, mwaka 2006. Fedha halali ya kuendesha timu ikigeuka nauli na sahani ya wali ya mjumbe siku ya kura, inasomeka kama hongo, na TAKUKURU hawahitaji kufika na darubini; kuna mtu kwenye kundi ataituma picha.

Kuna hatari nyingine ambayo umati huileta kwa mapenzi tu. Februari 2014 CCM iliwapa adhabu makada sita, akiwamo Edward Lowassa, Bernard Membe na January Makamba, kwa kuanza kampeni za urais kabla ya wakati. Wale walikuwa wakubwa na bado waliadhibiwa. Mfuasi anayetengeneza bango la "Mbunge wetu 2030" lenye nembo ya chama, akalitundika Facebook leo, anamwandalia mtu wake kielelezo cha kikao cha maadili. Mtia nia atajitetea kwamba hakumtuma. Kikao kitamuuliza mbona hakumzuia.

Wafuasi wa Ron Paul walijifunza, na somo lao la pili ni la thamani kuliko mafuriko ya dola. Mwaka 2012 aligombea tena na Iowa akapata asilimia 21, nafasi ya tatu. Safari hii watu wake walikuwa wamesoma kanuni. Kura ya jioni ile haikuwa ikiwafunga wajumbe. Wajumbe wa mkutano mkuu wa taifa walipatikana kwa ngazi, kutoka kitongoji hadi wilaya hadi mkutano wa jimbo, miezi mitano mbele. Watu wa wapinzani wake, Rick Santorum na Mitt Romney, walirudi nyumbani baada ya kuhesabu kura. Watu wa Paul walibaki vitini hadi usiku, wakajaza fomu za ujumbe, wakahudhuria ngazi iliyofuata, na iliyofuata. Agosti, kwenye mkutano mkuu huo kule Tampa, wajumbe wa Iowa walimpa Paul kura 22 kati ya 28. Chama kilijibu palepale kwa kubadili kanuni ili wajumbe wafungwe na matokeo ya kura. Kwa hiyo hata njia hiyo ina mwenye nyumba. Lakini kwa majira moja watu wachache waliojua utaratibu waliwazidi wengi waliojua kupiga makofi.

Asiyetaka kusubiri hutazama nje. Peter Obi wa Nigeria aliisoma hesabu ya wajumbe wa chama chake cha PDP akaondoka siku chache kabla ya mchujo wao wa Mei 2022, akahamia chama kidogo cha Labour, na vijana wa mtandaoni wakambeba hadi kura zaidi ya milioni 6 na ushindi katika jimbo la Lagos, ingawa kitaifa alikuwa wa tatu. Kwetu njia hiyo ni nyembamba. Mgombea binafsi haruhusiwi. Mahakama ya Rufani ilifunga mlango huo mwaka 2010 katika shauri la Christopher Mtikila, na uamuzi wa Mahakama ya Afrika wa 2013 uliompa haki haujabadili utaratibu. Atakayehama lazima aingie chama kingine, ambacho nacho kina wajumbe wake waliokuwapo kabla yake. Zitto Kabwe, anayetajwa kila mara kama mfano wa mwanasiasa wa mtandaoni wa Kigoma, aliingia bungeni 2005 akiwa na miaka 29, mwaka mmoja kabla Twitter haijaanzishwa. Wafuasi wa mtandaoni walimkuta tayari ana watu vijijini.

Mzunguko ukienda kama kawaida, uchaguzi wa ndani wa CCM utakaozaa wajumbe wa 2030 ni wa 2027. Kwa mtia nia wa Gungu au Ipuli mwenye kundi la watu elfu moja, kazi ya kundi hilo ni kutoa watu mia mbili watakaogombea uongozi wa mashina na matawi mwaka huo, nafasi zisizo na posho wala picha, ambazo mara nyingi hazigombewi na watu wawili. Wawe na kadi, ada imelipwa, na wawe wakazi wa eneo husika. Tangazo la fomu za uongozi wa tawi hubandikwa kwenye mlango wa ofisi ya tawi, haliwekwi Instagram, na aghalabu wa kwanza kulisoma ni mpambe wa mbunge aliyepo.